Jicho la serikali lifike hadi kwa muuza sindano

Sehemu kubwa ya maisha yangu nimeishi karibu na wakimbiaji wa miteremko ya Mlima Elgon: kwanza nikiwa mkimbiaji katika timu ya kikosi chenye sare, baadaye nikiwa kocha wa vijana hapa Kapchorwa, Uganda, na katika miaka ya karibuni nikiwa pia msindikizaji wa wanariadha wanaoitwa kutoa sampuli baada ya mashindano. Kiswahili ninachoandika hapa ndicho tulichopewa amri nacho kikosini, na ndicho tunachotumia hadi leo tunapofanya mazoezi pamoja na wenzetu wa Kenya, ng'ambo ya mpaka wa Suam. Ninaandika kwa sababu suala la serikali kuchunguza matumizi ya dawa za kusisimua misuli limekuwa likizungumzwa nchini kwetu kana kwamba ni kesi baina ya mwanariadha na maabara peke yao. Mimi nimeona kwamba mwanariadha ni mtu wa mwisho katika mlolongo mrefu, na kwamba uchunguzi unaoishia kwake huwaacha wengine wote waendelee na biashara yao.

Wapo makocha wenzangu wanaosema kuwa michezo ya kulipwa ni shughuli ya mashirikisho na mawakala, na kwamba serikali haina lake humo. Sikubaliani nao. Stephen Kiprotich aliposhinda marathoni ya Olimpiki jijini London mwaka 2012, ikiwa ni dhahabu ya kwanza ya Uganda tangu ile ya John Akii-Bua mjini Munich mwaka 1972, furaha haikuwa ya shirikisho wala ya wakala wake. Ilikuwa ya nchi nzima. Baadaye serikali iliweka utaratibu wa kuwalipa washindi wa medali posho ya kila mwezi, na aliyeleta dhahabu ya Olimpiki hupata shilingi milioni 5. Wakimbiaji wetu wengi wameajiriwa jeshini, polisi au magereza, na mishahara yao hutoka katika kodi ya muuza ndizi na ya mwenye bodaboda. Fedha ya umma ikiingia mahali, umma una haki ya kuuliza inafanya nini hapo.

Ipo pia sababu ya kisheria, ambayo ni wachache katika kambi zetu wanaoijua. Kanuni ya dunia inayosimamiwa na WADA, chombo cha dunia cha kupambana na dawa hizo kilichoundwa mwaka 1999, ni mapatano ya mashirika ya michezo. Inaweza kumfungia mkimbiaji au kocha, lakini haina uwezo wa kumwamuru waziri, polisi wala ofisa wa forodha. Ili kuziba pengo hilo, UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, sayansi na utamaduni, ilipitisha mwaka 2005 mkataba wa kimataifa, ukaanza kutumika mwaka 2007, na kifungu chake cha 8 kinazitaka serikali zichukue hatua za kuzuia upatikanaji wa dawa hizo, ikiwa ni pamoja na njia zinazopitishwa zikiuzwa. Kwa hiyo muuzaji alifikiriwa na watunga mkataba tangu mwanzo. Sisi ndio tuliomsahau.

Nieleze kwanza jinsi upimaji wenyewe unavyofanyika, kwa kuwa watu wengi huuhukumu bila kuwahi kuingia katika chumba hicho. Mkimbiaji anapovuka mstari wa mwisho, ninamwendea, ninamwonyesha kitambulisho changu, ninamweleza kuwa amechaguliwa, naye anatia saini. Kuanzia hapo haruhusiwi kutoka machoni pangu. Anaweza kupoza misuli, kupokea medali na kuzungumza na waandishi wa habari, lakini mimi nipo hatua chache kando yake, na maji anayoshauriwa kunywa ni ya chupa ambayo haijafunguliwa. Chumbani anachagua mwenyewe kikombe kutoka katika vifurushi vilivyofungwa. Ofisa wa jinsia yake huingia naye msalani, na mwanariadha hupandisha fulana hadi kifuani, hushusha kaptura hadi magotini na kukunja mikono ya nguo hadi kwenye viwiko, ili mkojo uonekane ukitoka mwilini mwake na si mahali pengine. Unatakiwa usipungue mililita 90. Yeye mwenyewe ndiye anayeumimina: angalau mililita 30 katika chupa B na 60 katika chupa A, kisha masalio machache hubaki kikombeni ili ofisa apime kama mkojo ni mzito wa kutosha. Kifuniko cha chupa huzunguka upande mmoja tu, kikitoa mlio wa meno yanayoshikana, na kikishakaza hakifunguliwi tena ila maabara.

Kijana aliyekimbia kilomita 10 juani hana maji mwilini. Nimekaa na vijana katika chumba hicho hadi jua likazama, mwanariadha amejifunika koti, anakunywa chupa moja baada ya nyingine, wenzake wamekwishapanda basi la kurudi Mbale. Katika kungoja huko ndipo nilipoona jambo lililonibadilisha mawazo. Katika fomu kuna nafasi ambamo mwanariadha huandika dawa zote alizotumia katika siku 7 zilizopita. Kijana ambaye angeweza kukutajia muda wake wa kila mzunguko wa uwanja bila kufikiri, hapo alisimamisha kalamu. “Afande, kulikuwa na za kichwa,” aliniambia, “na zile nyeupe za mguu.” Za mguu zinaitwaje? Hajui. Alipewa katika bahasha ndogo ya karatasi iliyoandikwa moja mara tatu. Nani alimpa? Dukani. Mbele yangu alikuwa amekaa mtu anayetia saini hati ambayo ingeweza kumnyima riziki kwa miaka 4, na hakuna hata mmoja kati ya waliomwekea kitu mwilini aliyekuwa amemwambia jina la kitu hicho.

Sisemi kwamba kanuni inayomfanya mwanariadha awajibike kwa kila kinachopatikana mwilini mwake ni mbaya. Bila kanuni hiyo kila mtu angesema hakujua, na wale wanaokimbia kwa mapafu na miguu yao tu wasingekuwa na mtetezi. Nimewaona wasichana wetu wakipoteza nafasi ya zawadi kwa mtu aliyefungiwa miezi michache baadaye, na fedha ile haikuwarudia. Ninaiunga mkono kanuni kwa moyo wote. Ninachosema ni kwamba kanuni kali namna hii kwa anayemeza humdai anayetawala nchi awe mkali vivyo hivyo kwa anayeuza.

Na dukani kwenyewe kukoje? Mamlaka ya Taifa ya Dawa ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1993, na kwa utaratibu wake duka la dawa la kawaida, lile la kituo cha biashara lenye kabati la kioo na benchi moja la mbao, linaruhusiwa kuuza dawa za daraja la C tu, zile za maumivu madogo, mafua na mfano wake. Sindano za homoni na dawa nzito za kutuliza uvimbe si za kuuzwa hapo. Hata hivyo, yeyote anayeishi katika wilaya za milimani anajua kwamba hospitali iko mbali, foleni ni ndefu, na mwenye duka ni jirani anayekopesha. Mkimbiaji anayeumia goti Jumatatu, mashindano yakiwa mwisho wa mwezi, huenda kwa jirani.

Binti mmoja niliyekuwa nikimfundisha alikuja mazoezini asubuhi moja akikimbia bila kuchechemea, wakati wiki iliyotangulia hakuweza kushuka kilima. Nilimwita pembeni.

“Nani amekutibu?”

“Daktari wa pale senta, kocha. Alinichoma sindano moja tu ya maumivu.”

“Alikuchoma wapi?”

Alinionyesha tako.

Tulikwenda naye. Mtu aliyeitwa daktari hakuwa daktari, lakini alikuwa mpole na hakuficha. Aliinama chini ya meza, akatoa boksi, akaniwekea kichupa kiganjani. Nilivaa miwani nikasoma: triamsinoloni, miligramu 40, mojawapo ya zile dawa nzito za kutuliza uvimbe. Kuanzia tarehe 1 Januari 2022 dawa za jamii hiyo zimekatazwa wakati wa mashindano ikiwa zimechomwa kwa njia yoyote ya sindano, na mahali zilipochomwa huamua zitakaa mwilini muda gani. Ikichomwa katika kiungo, mwongozo wa WADA unataka siku 10 zipite kabla ya kushindana. Ikichomwa katika msuli, siku 60. Binti yule hakuwa amevunja kanuni yoyote, kwa kuwa nje ya mashindano dawa hiyo haikatazwi. Lakini angesimama kwenye mstari wa kuanzia huko Kampala mwisho wa mwezi, na akachaguliwa kupimwa, angekuwa na kesi, na neno lake la kwamba alitibiwa goti lingesikilizwa pengine huku amekwisha kusimamishwa.

Tulimwondoa katika mashindano hayo. Mama yake alikuja kwangu akalia, kwa sababu katika mashindano hayo ndimo timu za vikosi huja kutafuta wa kuajiri, na ajira ya kikosi kwa familia kama yake ni ada za shule za wadogo wote. Nilimweleza kwa lugha yetu ya Kikupsabiny, polepole, mpaka akaelewa kwamba binti hakuwa amefanya kosa na hakuwa akiadhibiwa. Hata hivyo hakuna maelezo yaliyoweza kumrudishia msimu ule.

Mtoa sindano naye alikuwa na jibu. “Mzee,” aliniambia, “mimi natibu mgonjwa, sitibu mashindano.” Kwa upande mmoja alisema kweli, maana goti lilikuwa linauma na alilituliza. Lakini leseni iliyobandikwa ukutani kwake haikumruhusu kuwa na kichupa kile, na nilipomuuliza boksi limetoka wapi, alisema liliachwa na mtu wa pikipiki anayepita kutoka upande wa mpakani, ambaye pia huzipitia kambi za wakimbiaji akiwa na vitu vingine “vya kuongeza damu.” Maneno hayo ndiyo yaliyonikosesha usingizi. Kitu cha kuongeza damu kinachouzwa kwa mkimbiaji wa masafa marefu si mboga za majani. Erithropoetini ni homoni ambayo mwili wenyewe huitengeneza katika figo ili kuuamuru uboho uzalishe seli nyekundu. Hospitalini hupewa wagonjwa wa figo, lakini kwa mkimbiaji huongeza oksijeni inayobebwa na damu, na damu ikizidi kuwa nzito huweza kuganda katika mishipa. Kwamba kitu kama hicho kinatembezwa kwa pikipiki katika kambi za vijana wenye umri wa miaka 17, bila jokofu na bila daktari, ni hatari kwa maisha kabla hata ya kuwa hatari kwa michezo.

Niliandika maelezo ya yote niliyoyaona, nikayapeleka katika ofisi iliyonihusu kuyapeleka. Swali la kwanza nililoulizwa lilikuwa jina la mwanariadha. Nilieleza kwamba mwanariadha hakuwa na kosa, kwamba nilikuwa nikitoa taarifa ya duka na ya mtu wa pikipiki. Nikaulizwa tena jina la mwanariadha. Fomu yao ilikuwa na nafasi ya jina hilo, ya mchezo wake na ya tarehe aliyozaliwa. Ya muuzaji haikuwapo.

Baada ya hapo nilihudhuria kozi ya makocha mjini Kampala, na mkufunzi mmoja alituonyesha kumbukumbu za jinsi serikali ya Marekani ilivyoshughulika na suala hili. Nilizitazama kwa makini kuliko wengine, kwa sababu ya fomu ile. Tarehe 17 Machi 2005 kamati ya Baraza la Wawakilishi iliwaita wachezaji mashuhuri wa besiboli, wakaapishwa mbele ya kamera. Mark McGwire alirudia kwamba hakuja kuzungumzia mambo yaliyopita. Rafael Palmeiro aliinyooshea kamati kidole akasema hajawahi kutumia steroidi, yaani dawa za kujenga misuli, kamwe. Mwezi Agosti mwaka huohuo alisimamishwa siku 10 baada ya kipimo kumkuta na stanozololi, aina mojawapo ya steroidi. McGwire alikiri mwaka 2010, miaka mitano baada ya kuapishwa. Kamati ile ilikuwa na mamlaka ambayo afisa wa michezo wa kwetu hawezi hata kuyaota, na bado kwa wachezaji hao wawili haikupata zaidi ya kimya na kukana.

Sidai kwamba kikao kile kilikuwa bure. Kabla ya mwaka kwisha, ligi ya besiboli na chama cha wachezaji walikubaliana kuongeza adhabu ya kosa la kwanza kutoka siku 10 hadi michezo 50, na kosa la tatu likawa kufungiwa maisha. Bila macho ya Bunge na ya wananchi sidhani kama wangekubali. Lakini ukifuatilia jinsi ukweli wenyewe ulivyopatikana, utaona kwamba njia ilipita kwa wauzaji. Mwaka 2003 kocha wa riadha Trevor Graham alipeleka kwa wakala wa Marekani wa kupambana na dawa hizo bomba la sindano lenye masalio. Maabara ya Don Catlin mjini Los Angeles ikatambua steroidi ambayo hadi hapo haikuwa ikionekana katika vipimo, na mwezi Septemba maofisa wa serikali wakavamia BALCO, kampuni iliyokuwa ikiwapa wanariadha dawa hizo huko California, ambako zilipatikana nyaraka za wateja. Kutoka hapo uchunguzi ulimfikia Marion Jones, mkimbiaji wa Marekani aliyerudisha medali zake 5 za Olimpiki ya Sydney na kuhukumiwa kifungo cha miezi 6 mwaka 2008, na sehemu ya kosa lake ilikuwa kuwadanganya wachunguzi. Ripoti ya Seneta wa zamani George Mitchell juu ya besiboli, iliyotoka tarehe 13 Desemba 2007 ikiwataja wachezaji zaidi ya 80, iliegemea sana ushahidi wa Kirk Radomski, aliyekuwa mhudumu wa vyumba vya timu ya New York Mets, ambaye alikuwa akiwauzia wachezaji na alikuwa amekiri kosa mahakamani.

Niongeze kwamba Graham, yule kocha aliyepeleka bomba la sindano, naye alipatikana na hatia mwaka 2008 ya kumdanganya mchunguzi. Ninalitaja kwa sababu wapo wanaodhani kwamba mtoa taarifa lazima awe msafi kama theluji, na kwa dhana hiyo huzipuuza taarifa nyingi za kweli. Kazi ya serikali ni kuupima ushahidi, na bomba la sindano lilikuwa na dawa hata kama mikono iliyolipeleka ilikuwa na yake.

Jambo lililonigusa zaidi katika kozi ile ni sheria ambayo Marekani iliipitisha mwaka 2020, iliyopewa jina la Grigory Rodchenkov, mkuu wa zamani wa maabara ya Moscow aliyefichua mpango wa Urusi wa kuwapa wanariadha wake dawa hizo. Sheria hiyo haimfungi mwanariadha kwa kutumia dawa. Inamlenga msambazaji, daktari, kocha na ofisa, na kifungo chake kinaweza kufika miaka 10. Mtu wa kwanza kushtakiwa kwa sheria hiyo alikuwa Eric Lira, mtabibu wa Texas aliyewapelekea wanariadha dawa kabla ya Olimpiki ya Tokyo, akiwemo Blessing Okagbare wa Nigeria, aliyeondolewa katika michezo hiyo kabla ya nusu fainali ya mita 100. Lira alihukumiwa miezi 3 mwaka 2024, adhabu ambayo kwangu ni ndogo mno ukiilinganisha na miaka 11 aliyofungiwa Okagbare. Vilevile sheria hiyo inahusu mashindano makubwa ya kimataifa na kuziacha kando ligi za Marekani zenyewe, jambo ambalo sioni jinsi ya kulitetea. Pamoja na hayo, ni serikali iliyoandika katika sheria yake kwamba yupo mtu mwingine zaidi ya anayekimbia.

Nilirudi Kapchorwa na mawazo hayo, na haikupita muda mrefu maafisa wa michezo kutoka Kampala wakaja kukutana na makocha wa wilaya zetu. Walikuja kwa nia njema, nami ninalisema hilo bila shaka yoyote. Lakini mkuu wao alianza kwa kutuomba majina ya wanariadha tunaowashuku. Ukumbi ulinyamaza. Hatimaye alisimama kocha mmoja mzee, mtu aliyewafundisha wengi wetu, akasema: “Mheshimiwa, nikimtaja mtoto wa jirani yangu leo, kesho ng'ombe wangu watanywa maji wapi?” Hakuna aliyecheka. Katika wilaya ambamo kila mkimbiaji ni mpwa au mkwe wa mtu, na ambamo mkuu wa kikosi ndiye anayeamua nani apandishwe cheo, kumtaja mwanariadha ni kuvunja nyumba.

Niliomba kusema. Nilisema kwamba majina ya wanariadha yatapatikana maabara, maana ndiyo kazi ya maabara. Sisi tuulizwe maduka, maboksi, pikipiki, na watu wanaojiita madaktari wanaokuja kambini siku za malipo. Nilisema kwamba makocha wengi waliomo ukumbini wangeyajibu maswali hayo bila woga, kwa kuwa mtu wa pikipiki si mpwa wa mtu yeyote. Nilisema pia kwamba Mamlaka ya Taifa ya Dawa ina wakaguzi, na kwamba hatuhitaji kusubiri sheria mpya ili mkaguzi afungue kabati la duka lisiloruhusiwa kuwa na sindano. Mkuu wa msafara aliandika, kisha akajibu kwa uaminifu kwamba ofisi yake na ya dawa ni ofisi mbili, zenye bajeti mbili, na kwamba hazijawahi kusafiri katika gari moja.

Zilisafiri. Si mara hiyo, bali katika ziara iliyofuata, na ninawashukuru kwa hilo. Kwa bahati mbaya habari ilitangulia gari. Maduka kadhaa yalifungwa asubuhi hiyo, eti wenyewe wamekwenda mazishini, na boksi nililoliona chini ya meza halikuwapo. Mkaguzi aliondoka na orodha fupi ya makosa madogo. Hata hivyo kuna jambo lililobadilika: kwa miezi iliyofuata mtu wa pikipiki hakuonekana kambini kwetu, na wakimbiaji walianza kuniuliza maswali ambayo awali hawakuyauliza.

Majirani zetu wa Kenya wako mbele yetu katika safari hii, nao waliifikia kwa maumivu. Walipitisha sheria yao mwaka 2016, na mwaka huohuo WADA ikawatangaza kuwa hawajatimiza masharti kabla ya kuwarudisha. Mwishoni mwa 2022, walipokuwa karibu kufungiwa riadha yote, serikali yao iliahidi dola milioni 5 kila mwaka kwa miaka 5. Pamoja na hayo, Oktoba 2025 Ruth Chepngetich, mwanamke wa kwanza kukimbia marathoni chini ya saa 2 na dakika 10, alifungiwa miaka 3. Wapo wanaolisoma jambo hilo kama ushahidi kwamba fedha hazisaidii. Mimi ninalisoma kinyume: wanapatikana kwa sababu wanatafutwa. Na ninaogopa, kwa sababu vijana wetu hupanga vyumba Iten na Eldoret, huvuka Suam kama wanaokwenda sokoni, na muuzaji anayebanwa upande mmoja wa mpaka huhamia upande ambao hakuna anayemuuliza.

Kambini kwetu, kwa sasa, tunafanya yaliyo katika uwezo wetu. Mkimbiaji haruhusiwi kumeza kitu kilichotoka katika bahasha isiyo na jina. Anarudi nayo dukani na kudai apigiwe picha ya boksi lenyewe, ya kichupa na ya tarehe, na picha hiyo inakaa katika simu yake na yangu. Anayechomwa sindano huandika katika daftari jina la dawa, kiasi chake na mahali alipochomwa. Anayehitaji dawa iliyokatazwa kwa ugonjwa wa kweli tunamsaidia kuomba kibali cha matumizi ya kitabibu mapema, kwani wenye pumu wapo na wana haki ya kupumua. Tumezungumza hata juu ya mairungi, ambayo vijana huyachukulia kuwa majani tu ya kukesha nayo: katini, kichangamshi kilichomo ndani yake, hukatazwa wakati wa mashindano ikizidi maikrogramu 5 kwa mililita ya mkojo. Binti wa goti ndiye anayetunza daftari. Alirudi msimu uliofuata, ameponywa na mtaalamu wa viungo wa hospitali, na hivi sasa ameajiriwa.

Lakini daftari haliwezi kufungua kabati la mtu. Ndiyo sababu makocha wa Kapchorwa, Kween na Bukwo tumeandika barua kwa ofisi zote mbili, ya michezo na ya dawa. Tumeomba ukaguzi ufanyike bila taarifa, hasa wiki zinazotangulia mashindano ya kitaifa, na ufanywe na watu wasiotoka wilayani ili simu zisitangulie gari. Tumeomba kituo cha mpakani cha Suam kipewe mtu anayejua kusoma lebo ya dawa, maana ofisa wa forodha aliyepo hutafuta sukari na saruji. Tumeomba anayejiita daktari wa timu aonyeshe usajili wake kabla ya kuingia kambini, na kikosi kinachoajiri wanariadha kiwajibike kwa mtu huyo. Tumeambatanisha pia fomu tuliyoiandaa wenyewe, ambayo nafasi yake ya kwanza ni ya jina la duka, ya pili ni ya namba iliyo kwenye boksi, na ambayo jina la mtoa taarifa huandikwa katika karatasi ya pembeni isiyosomwa wilayani. Ofisi ya dawa imekwisha kujibu ikiomba nakala zaidi za fomu hiyo. Ya michezo bado tunaisubiri.